Feni za Kompyuta Mbovu Kwenye Rejeta ya Maji: Tufunge Pamoja

Habari zenu wadau, karibuni mezani. Mkisikia mvumo nyuma yangu ni panga boi, sizimi, maana hii ni Februari na Dar mnaijua.

Kwenye boksi hili nina feni kumi na moja nilizochomoa kwenye kompyuta mbovu za ofisini, zile zinazouzwa kwa mafungu kule Kariakoo. Leo nahitaji mbili tu, za kufunga kwenye hii rejeta ya milimita 240, yenye nafasi ya feni mbili za 120, inayopoza maji ya prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta. Itakaa nje, nyuma ya kasha la kompyuta.

Chukua rula. Pima kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya tundu la jirani yake. Ukipata milimita 105, hiyo ni feni yenye upana wa milimita 120, ndiyo yetu. Ukipata 71 na nusu, ni ya 80, weka pembeni. Humu nne zimefaa kwa kipimo.

Sasa tazama mapanga. Hii hapa ina mapanga membamba yenye mianya mikubwa. Ikiwa wazi inapuliza vizuri, ila ukiibana kwenye vibati vya rejeta, vile vipande vyembamba vya bati vinavyotoa joto, hewa inagoma kupita. Nachukua hizi zenye mapanga mapana yaliyokaribiana. Shika kitovu, kitingishe. Kikicheza huku na huku, bushi inayoshika shafti imelika, usijisumbue nayo. Zungusha kwa kidole: isimame taratibu. Ikisimama ghafla, mara nyingi ni vumbi au mafuta yamekauka. Safisha kwa mswaki mkavu, bandua stika ya katikati, na kama kuna kitundu cha shafti dondoshea matone mawili ya mafuta ya cherehani. Ya kupikia hapana, yanageuka gundi. Kisha rudisha stika. Na ukitumia blowa, shika mapanga yasizunguke.

Hapa kwenye nyaya naomba utulie, maana rangi zinadanganya. Feni ya nyaya tatu kwa kawaida ina nyeusi, nyekundu na njano: nyekundu ndiyo volti 12, njano inapeleka taarifa ya mwendo. Feni ya nyaya nne mara nyingi ina nyeusi, njano, kijani na bluu: humo njano ndiyo volti 12, kijani ndiyo taarifa ya mwendo, bluu inapokea amri ya kasi. Umeona? Njano ileile, kazi mbili tofauti. Halafu ukienda kwenye ile plagi kubwa ya pini nne ya pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, njano ni volti 12 na nyekundu ni volti 5! Isitoshe, baadhi ya watengenezaji wa kompyuta za ofisini wana plagi zao wenyewe, pini zimepangwa wanavyotaka wao. Kwa hiyo pima kwa mita ya umeme kabla hujaunga chochote.

Soma na stika. Hizi zangu zimeandikwa ampea 0.3 kila moja, jumla 0.6. Soketi ya feni kwenye mazabodi nyingi, yaani bodi kuu ya kompyuta, inabeba ampea 1, basi zote mbili zinakaa soketi moja kwa kiunganishi cha matawi mawili. Jumla yako ikikaribia au kuzidi ampea 1, peleka umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai.

Kufunga. Nilishawahi kuharibu rejeta nzima kwa skrubu moja, kwa hiyo nitakwenda polepole. Feni hii ina unene wa milimita 25. Skrubu ya 30 inaingia milimita 5 ndani ya rejeta, inatosha. Mimi siku ile nilikuta ya 35 kwenye kopo, nikaona haina neno, nikakaza. Nyuma ya tundu kulikuwa na mfereji wa maji. Jioni hiyohiyo meza ilikuwa imelowa. Chungulia kila tundu kwa tochi, na skrubu ikikataa kwa vidole usiilazimishe kwa bisibisi, kwani rejeta nyingine zina nyuzi za skrubu za kipimo cha inchi na nyingine za milimita, na kwa macho zinafanana.

Kabla ya kukaza, zungushia tepu ya sponji pale fremu inapogusana na rejeta. Bila hiyo, hewa inapita kwenye upenyo na kukwepa vibati. Mimi nazifunga zivute, yaani zikae upande ambao hewa inatoka baada ya kupita kwenye rejeta. Sababu ni vumbi letu: linabaki upande ulio wazi, nalisugua kwa brashi bila kufungua skrubu hata moja. Mshale ulioko pembeni mwa fremu unaonyesha hewa inakoelekea. Kama haupo, hewa hutoka kupitia upande wenye vishikio vya mota. Zote mbili zielekee kumoja, tafadhali.

Nawasha. Chukua kipande cha tishu, kipeleke upande wa vumbi: kinanata chenyewe, safi. Kipitishe pembezoni mwa fremu. Hapa kwenye kona hii… mnaona kinavyotikisika? Sponji haijafika. Nazima, naongeza kipande, narudia. Haya, sasa kimetulia.

Msitegemee maji yawe ya baridi, lakini. Chumba kikiwa na joto la nyuzi 32, rejeta haiwezi kushuka chini ya hapo, hata ukifunga feni kumi.