Zimwi Tulilokwisha Kuliona: Mhadhara Juu ya Kuhariri kwa Pamoja Trela ya Filamu ya Kutisha

Waheshimiwa walimu, na nyinyi wanafunzi mnaokaribia kuingia katika chumba cha uhariri,

Nimeombwa nizungumzie namna kundi la wanafunzi linavyoweza kuhariri kwa pamoja trela ya filamu ya kutisha waliyoipiga wenyewe, trela ikiwa ni kipande kifupi cha kuitangaza filamu. Sitazungumzia programu za kompyuta, kwa kuwa vitufe vyake mtavizoea kwa siku mbili tatu, na toleo lijalo litavibadilisha. Nitazungumzia tatizo moja ambalo hakuna programu inayolitatua, nalo ni kwamba wanaoihariri trela hiyo ndio watu wasioweza kabisa kuiogopa. Walikuwapo siku ya kupiga picha. Wanajua kwamba damu ile ni rangi, kwamba aliyejificha nyuma ya pazia ni mwenzao, na kwamba sekunde chache kabla ya lile yowe wote walikuwa wakicheka. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika chumba cha uhariri sisi ndio tunaolijua zimwi, na kwa kuwa tunalijua, halitung'ati hata kidogo.

Jina lenyewe la kazi hii lina jambo la kututafakarisha. Trela ya lori huja nyuma ya lori, na trela ya filamu nayo, ilipoanza huko Marekani katika miaka ya 1910, ilionyeshwa baada ya filamu kwisha. Baadaye ilihamishiwa mbele, kwa sababu filamu ikiisha watu huinuka wakaenda zao, lakini jina likabaki lilelile. Tangu ilipohamia mbele, trela imebeba wajibu wa aina mbili zinazovutana: kumwonyesha mtu kiasi cha kumtia hamu, na kumficha kiasi cha kumfanya aje kutafuta kilichobaki.

Mfano ninaopenda kuurejea ni trela ya Psycho, filamu ya kutisha ya mwaka 1960. Ina urefu wa zaidi ya dakika sita, na karibu muda wote huo mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, mwenyewe anatembea katika nyumba na hoteli ya filamu hiyo, akitueleza kwa utulivu wa dalali anayeonyesha nyumba ni jambo gani lilitokea katika chumba kipi, kisha kila mara anaikatisha sentensi kabla haijafika penye kutisha. Mwishoni anavuta pazia la bafu na mwanamke anapiga yowe. Mwanamke huyo ni Vera Miles, ilhali katika filamu aliye bafuni ni Janet Leigh. Yaani hata pale mtazamaji alipodhani kwamba hatimaye amefunuliwa siri, alikuwa ameonyeshwa pazia jingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kundi si kukata picha. Ni kukubaliana, kwa sentensi moja iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, kwamba mtazamaji aondoke akijiuliza nini. Katika kundi nililokuwamo enzi za uanafunzi wangu tulikuwa wanne, na sentensi yetu ilikuwa hii: ajiulize ni nani aliyeufungua mlango. Ilituchukua jioni nzima kuipata, na tulirudi tukinung'unika kwamba tumepoteza muda. Siku zilizofuata ndipo tulipoona faida yake, kwa sababu shoti, yaani kipande cha picha kilichopigwa bila kukatizwa, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na mlango iliondoka bila ya mtu kununa. Trela ya sekunde 90, kwa fremu 25 (yaani picha moja moja zinazounda mwendo) kila sekunde, ina fremu 2,250 tu, na mlirudi na saa nzima au saa mbili za picha. Hakuna kundi litakalopata amani katika kuzichagua fremu hizo ikiwa kila mmoja anaamua kwa kipimo chake.

Jaribio linalohusishwa na Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi wa zaidi ya miaka 100 iliyopita, linajulikana kwenu: uso uleule wa mwigizaji, ukifuatiwa na sahani ya supu, husomwa kuwa na njaa, na ukifuatiwa na jeneza, husomwa kuwa na huzuni. Wanafunzi wengi huyajibu maswali ya mtihani kuhusu jaribio hilo vizuri sana, kisha wanakwenda kuhariri na kumjaza zimwi katika kila sekunde ya trela, kana kwamba uso wa mtu anayetazama mlango hautoshi. Unatosha, mradi anayetazama hajui kilicho nyuma ya mlango.

Sasa kuhusu kukaa pamoja mbele ya kompyuta moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mkono mmoja tu uwe kwenye kibodi kwa wakati mmoja, na mikono ipokezane kwa siku, si kwa dakika. Walioketi nyuma wapewe sharti moja, gumu kulitii kuliko mnavyodhani, kwamba wasiseme la kufanya bali waseme walichohisi. Kauli kama "punguza fremu tano hapo" humgeuza mhariri kuwa karani. "Hapo nilichoka kabla hajageuka" humwachia nafasi ya kutafuta dawa, na mara nyingi dawa iko mahali pengine kabisa, sekunde tatu nyuma. Wakibishana, mhariri anakili mfululizo mzima, anaweka namba mpya, anafanya kila upande unavyotaka katika nakala yake, na nakala zote mbili zinatazamwa kesho yake asubuhi. Nimeona ugomvi wa saa mbili za usiku ukimalizika asubuhi kwa pande zote mbili kuikataa nakala yake yenyewe.

Mambo ya faili nitayapitia haraka. Hifadhini picha zote mahali pawili kabla ya kufuta kadi ya kamera. Kamera za simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri zinavyorekodi, na klipu za namna hiyo zikiingizwa katika programu ya uhariri, sauti huanza polepole kuachana na midomo. Zigeuzeni kwanza ziwe na idadi moja isiyobadilika. Na giza lililowapendeza kwenye kioo kizuri cha kompyuta ya chuo litazameni pia kwenye simu ya bei ndogo mchana, maana huko ndiko litakakogeuka kuwa weusi mtupu.

Kwenye sauti, hata hivyo, nataka nikae zaidi, kwa kuwa trela ya wanafunzi hufia hapo. Makundi mengi huchukua muziki mmoja wa kutisha, huutandika chini ya trela nzima, kisha hukata picha kwa kufuata mapigo yake. Baada ya mapigo manne mtazamaji amekwisha kuhesabu, na anayehesabu haogopi. Taharuki huja pale pigo linapochelewa. Acheni sauti ya shoti inayofuata itangulie picha yake, mtu asikie bawaba ikilia angali anatazama uso, na akili yake iende kwenye mlango kabla nyinyi hamjampeleka. Kisha ondoeni muziki kabisa kwa sekunde mbili. Lakini ukimya huo usiwe ule wa kompyuta, usio na kitu ndani, kwa sababu mtazamaji akikutana nao huanza kushuku kwamba spika imeharibika. Chumba kilicho kimya kina pumzi yake: uvumi wa taa, upepo, bomba la mbali. Ndiyo maana siku ya kupiga picha, katika kila mahali, mnapaswa kunyamaza wote na kurekodi sekunde 30 au zaidi za chumba kikiwa peke yake. Kundi linalosahau hilo hugundua hasara yake wiki tatu baadaye, wakati funguo za jengo zimekwisha kurudishwa. Sikilizeni trela nzima mkiwa mmezima kioo. Ikiwa haitishi gizani, picha haitaiokoa.

Narudi kwenye tatizo langu la mwanzo, la watu wasioweza kuogopa. Dawa pekee ninayoijua ni mtazamaji asiyejua kitu, na mtazamaji huyo hutumika mara moja tu, kwani akishaiona trela yenu naye amejiunga na wanaolijua zimwi. Andikeni majina ya watu watano ambao hawajasikia habari za filamu yenu, na msiwakusanye wote usiku mmoja kwa furaha ya kumaliza nakala ya kwanza. Kila nakala yenye mabadiliko makubwa ipewe mtu wake. Anapotazama, nyinyi mtazameni yeye, si kioo: angalieni anapojivuta nyuma, anapokuna shavu, anapotazama saa. Akimaliza, msimuulize kama ameipenda, kwa kuwa atawajibu kwa adabu. Muulizeni anadhani kitamtokea nini mhusika mkuu wa filamu yenu.

Mtazamaji wetu wa kwanza alicheka. Alicheka pale hasa tulipotarajia ashike kiti, penye mkono unaotokea kwenye ukingo wa mlango. Mwenzetu mmoja alikuwa ametumia saa tatu kuupaka mkono ule makovu na kucha, na sisi wengine tulikuwa tumekaa sakafuni tukimshangilia. Basi katika kuhariri tuliubakiza kwenye kioo kwa sekunde nne nzima, kwa heshima ya kazi yake. Mgeni hakuziona saa tatu. Aliona mkono wa mtu uliopakwa rangi, na alipewa muda wa kutosha kulithibitisha hilo. Tuliupunguza ukawa fremu 14, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Aliyeupaka hakusema nasi hadi jioni, na sikumlaumu. Tangu hapo nimeshikilia kwamba, pale inapowezekana, mpangilio wa kwanza wa picha ufanywe na yule mwanakikundi ambaye hakuwapo siku ya kupiga, kwa maana yeye hana kumbukumbu ya jasho lililomwagika, na shoti iliyogharimu sana haimdai chochote.

Andikeni pia daftari la maamuzi: nakala namba ngapi, nini kilibadilika, nani alipendekeza, mtazamaji gani alisema nini. Walimu watalihitaji wanapotaka kujua mchango wa kila mmoja, nanyi mtalihitaji mapema zaidi, pale mtakapoirudia kwa mara ya tatu hoja mliyokwisha kuimaliza.

Sisi tulifika nakala ya tisa. Mtazamaji wa tano, wa mwisho aliyekuwa amebaki katika orodha yetu, aliitazama akiwa amefumbata mikono, hakushtuka penye mkono, na trela ilipokwisha alikaa kimya kwa muda ambao sisi wanne tuliuona mrefu kuliko filamu yenyewe. Kisha akatuuliza kama msichana wa filamu yetu anaishi peke yake, na kama anaishi peke yake, mlango ule ulifunguliwa na nani. Hatukumjibu. Mwenzetu aliyekuwa kwenye kibodi alihifadhi kazi, akazima kompyuta.