Msitafute Bahasha, Tafuteni Kifungu

Ndugu mwenyekiti, asante. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Naona humu ndani sura nilizoziona mwaka jana, kwa hiyo wapo wanaonong'ona kwamba huyu bwana ana wimbo mmoja. Kweli, ninao mmoja. Nitaacha kuuimba siku mtakapoacha kuniuliza swali lile lile: "Hivi makampuni ya dawa huwa yanamhonga nani hasa?"

Mnatafuta bahasha. Siwalaumu, tumetoka nayo nyumbani. Sisi Watanzania tukisikia pesa na uchaguzi tunaona pilau, khanga na kofia. Tena mwaka 2000 tuliipa takrima ulinzi wa sheria kabisa, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Huku Marekani wana adabu zaidi. Tangu mwaka 1907 kampuni hairuhusiwi kumpa mgombea wa Bunge la taifa hata senti kutoka kwenye mfuko wake. Wakurugenzi na wafanyakazi wanachangia kamati ya kisiasa ya kampuni, na kamati ile haiwezi kumpa mgombea zaidi ya dola 5,000 kwa kila uchaguzi. Kila kitu kinaandikwa. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2010, ule ulioyaachia makampuni yatumie kiasi yatakacho kwenye matangazo ilimradi yasipange na mgombea, mnaujua, siurudii.

Kinachonunuliwa ni kifungu cha sheria. Sasa twendeni usiku wa tarehe 22 Novemba 2003. Ndiyo, nimeshausimulia. Mama pale mbele anacheka kwa sababu anajua mwisho wake.

Baraza la Wawakilishi lina muswada wa kuwalipia dawa watu wa Medicare, bima ya afya ya serikali, yaani wazee na watu wenye ulemavu wapatao milioni 40. Kura inafunguliwa karibu saa tisa usiku. Kwa kawaida kura pale inachukua dakika 15. Zikapita dakika 15, viongozi wa Republican wakahesabu, wakaona wanashindwa: 216 wanataka, 218 hawataki. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Wao waliiacha kura wazi. Saa nzima. Saa mbili. Karibu saa tatu! Waziri wa afya, Tommy Thompson, yumo ukumbini anazunguka kati ya viti. Rais Bush yuko kwenye simu anawabembeleza wabunge mmoja mmoja. Karibu saa kumi na mbili asubuhi, kura zimegeuka: 220 kwa 215, umepita.

Humo ndani kulikuwa na mzee anaitwa Nick Smith, mbunge wa Michigan, chama hicho hicho cha Republican. Alikuwa anastaafu, na mwanawe anagombea kile kiti. Mzee aliona muswada ni ghali mno, akasema hapana. Wakamzunguka. Baadaye akaandika mwenyewe kwamba aliahidiwa kampeni ya mwanawe ingesaidiwa kama angebadili kura. Kamati ya maadili ikachunguza, na Septemba 2004 ikamkaripia Tom DeLay, kiongozi wa walio wengi, kwa kuahidi kumuunga mkono kijana ili baba yake apige kura ya ndiyo. Karipio. Barua! Mzee Smith hakubadili kura. Kijana akaanguka kwenye kura za maoni za chama Agosti 2004.

Kila nikifika hapa watu wanaguna: "Kumbe, rushwa hiyo hapo!" Jamani. Hiyo ndiyo sehemu ndogo ya habari, nami huisimulia ili msisinzie. Angalieni kilichokuwa ndani ya karatasi. Kifungu kimoja kilisema waziri wa afya asiingilie majadiliano ya bei kati ya watengenezaji wa dawa, maduka ya dawa na mipango ya bima, wala asiweke utaratibu wa bei. Serikali inakuwa mlipaji mkubwa, kisha inajifunga mdomo. Nenda Kariakoo kanunue magunia elfu ya mchele, halafu uambiwe ni marufuku wewe kuuliza bei ya mwisho. Na serikali hiyo hiyo, kupitia idara ya maveterani, ilikuwa ikijadili bei za dawa hizo hizo kila siku bila shida.

Na gharama je? Wabunge waliambiwa kama dola bilioni 400 kwa miaka kumi. Mtaalamu mkuu wa hesabu za Medicare, Richard Foster, alikuwa na hesabu zinazozidi bilioni 500. Bosi wake, Thomas Scully, akamtishia kazi kama angezipeleka bungeni. Funika kombe mwanaharamu apite. Scully mwenyewe wakati ule alikuwa ameshapewa ruhusa ya kutafuta kazi nje, na muda mfupi baada ya rais kutia saini alikuwa kwenye kampuni ya sheria inayofanya ushawishi, yaani inayolipwa kuwabembeleza wabunge na maafisa, kwa niaba ya wateja wa sekta ya afya.

Bado Billy Tauzin, wa Louisiana. Alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoushughulikia muswada ule. Januari 2005 akaanza kazi mpya: mkuu wa PhRMA, chama cha watengenezaji wa dawa, kwa mshahara ulioripotiwa kuwa karibu dola milioni mbili kwa mwaka. Nimtendee haki: alikuwa ameugua saratani, na alisema dawa mpya ndiyo iliyomwokoa. Namwamini. Lakini wapo wengi waliookolewa na dawa wakaishia kusema alhamdulillahi na kurudi kazini kwao.

Ndugu yetu wa pale nyuma, mfamasia, najua atasimama kusema utafiti wa dawa ni ghali. Ni ghali, nakubali. Bei ya haki ni ngapi? Sijui, na ndiyo maana watu hukaa mezani wakabishana. Hapa meza yenyewe iliondolewa.

Na yule aliyevaa fulana ya Democrat asitabasamu sana. Mwaka 2008 Obama alirusha tangazo la kampeni akimtaja huyo Tauzin na mamilioni yake, akisema huo ndio mchezo wa Washington anaotaka kuumaliza. Mwaka 2009 watu wake wakakaa na nani? Na Tauzin! Makampuni yakaahidi kuchangia dola bilioni 80 katika miaka kumi na kuunga mkono sheria ya afya, nayo Ikulu ikaacha kudai majadiliano ya bei. Kifungu kikabaki palepale.

Ee, mwenyekiti ananionyesha saa. Nakimbia.

Mwaka 2022 pekee, sekta ya dawa na bidhaa za afya ilitumia zaidi ya dola milioni 350 kwa ushawishi. Ukigawa kwa wabunge na maseneta 535, ni zaidi ya dola laki sita kwa kila kichwa. Mkono mtupu haulambwi, na huu haukuwa mtupu.

Je, pesa hushinda siku zote? Hapana. Kurt Schrader wa Oregon, Democrat aliyechangiwa sana na sekta ya dawa, mwaka 2021 aliipinga kwenye kamati hoja ya kujadili bei. Mei 2022 wapiga kura wa chama chake wakamwangusha, ingawa Rais Biden alikuwa amemuunga mkono. Agosti mwaka huo sheria ya kuiruhusu Medicare kujadili bei ikapita Seneti kwa 51 kwa 50, kura ya mwisho ikiwa ya Kamala Harris. Dawa kumi za mwanzo zikajadiliwa. Januvia, ya kisukari, ambayo baadhi yenu mnaimeza, ilikuwa dola 527 kwa mwezi kwenye orodha ya bei. Kwa Medicare imeshuka hadi 113 kuanzia Januari 2026. Miaka 20 tuliambiwa haiwezekani.

Halafu Julai 2025, ndani ya ile sheria kubwa ya kodi, kukapachikwa kifungu kinachozikinga na majadiliano dawa nyingi zaidi zenye vibali vya magonjwa adimu. Wangapi humu mlikisikia? Mkono mmoja. Wawili.

Mwenye uraia na kadi ya kupigia kura afanye hivi leo usiku: aingie kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, FEC, aandike jina la mbunge wake. Kila aliyemchangia zaidi ya dola 200 ameandikwa, pamoja na kazi yake na mwajiri wake, na kamati za makampuni nazo zimo. Halafu atazame mbunge huyo yuko kamati gani. Akiwa Energy and Commerce au Ways and Means, kamati zinazoishughulikia Medicare, nipigieni simu, tusome pamoja.

Haya, maswali. Mfamasia kwanza, naona ameshasimama.