Chumvi Hailali

Assalaam alaykum. Nimepewa dakika chache za kuzungumza nanyi wapiga picha za harusi juu ya kutunza kamera, kwa hiyo naanza na chumvi. Walionisikia kabla walijua nitaanza nayo.

Tazameni kopo la chumvi jikoni wakati wa masika. Hakuna aliyelitia maji, lakini asubuhi chumvi imelowa, imeshikana bonge. Chumvi huvuta maji hewani. Sasa mtu amepiga picha za harusi Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, mwezi wa Julai, upepo wa kusi unampiga moja kwa moja kutoka baharini. Anarudi Mjini, anatia kamera kwenye begi, analala. Kwake kazi imekwisha. Kwa ile chumvi iliyoganda kwenye vyuma, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Nilikuwa na lenzi ya milimita 70 mpaka 200, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Haikuanguka hata siku moja. Mwaka wa pili ikaanza kukatakata mawasiliano na kamera. Fundi akaigeuza chini ya taa: vile vyuma vidogo vya rangi ya dhahabu nyuma yake vimeota madoa ya kijani, kama sufuria ya shaba iliyotupwa uani. Na ndani ya kioo, nyuzi nyeupe za kuvu, nyembamba kama utando wa buibui. Yale yalikuwa matokeo ya harusi za pwani za msimu mzima, na mimi sikuwahi hata kuifuta.

Mkitoka pwani, kabla hamjala, pulizeni mchanga kwanza kwa kipulizio. Tena pulizeni, msisugue! Halafu kitambaa cha maji ya kunywa kilichokamuliwa, kamera imezimwa, lenzi iko mahali pake. Kisha kitambaa kikavu.

Mtaniambia kamera zenu zina mipira ya kuzuia maji. Inazuia yasiingie ndani. Chumvi inakaa nje vilevile, na mpira wenyewe unachakaa. Mwengine atasema anaweka mchele. Mchele una vumbi! Tafuteni vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu na boksi lisilopitisha hewa.

Shata, kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka na kufunga kila picha, sina muda nayo, ila pigeni hesabu. Tuseme kamera ni shilingi milioni 4, shata imekadiriwa mapigo 200,000. Kila pigo shilingi 20. Harusi ya picha 3,000 imekula shilingi 60,000 kabla ya mafuta ya gari. Nani humu ameziweka kwenye bei yake? Mnashushiana bei, na kamera ndiyo inayolipa.

Mambo ya kamera na baridi ya AC tutayazungumza kwenye maswali. Ndugu yangu uliyenyoosha mkono kule nyuma, nimekuona. Njoo na lenzi yako, tuitazame nyuma kwanza.