Picha Moja, Tarehe Mbili

Ndugu zangu, naanza na lile ninalolisema kila mwaka, na kila mwaka watu wanatoka hapa wakanunue picha zenye sahihi vilevile. Picha ya ofisa wa Kijerumani iliyopigwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia si lazima iwe ilisainiwa wakati wa vita. Picha ina tarehe yake, sahihi ina yake.

Kijana mmoja aliniletea picha ya Rommel, jemadari wa Hitler. Kadi safi ya Heinrich Hoffmann, mpiga picha wa Hitler, msalaba shingoni, na chini ya sahihi pameandikwa Agosti 1940. Nikamwambia, mwanangu, tazama hapo juu ya msalaba. Hayo ni majani ya mwaloni. Rommel alipewa Ritterkreuz yenyewe, yaani huo msalaba, nishani ya ushujaa, Mei 1940; mengine ni madaraja ya juu yake. Majani yakaja Machi 1941, panga Januari 1942, almasi Machi 1943. Vipi asaini Agosti 1940 picha inayoonyesha nishani ambayo hajavikwa? Kijana kimya. Tukaiweka chini ya lenzi: wino wa peni, hizi zenye kigololi nchani. Rommel alikufa Oktoba 1944, na peni hizo zilikuwa hazijafika madukani Ujerumani. Mshahara wa kijana wa miezi miwili ulikuwa umekwenda. Usiku ule sikulala.

Namwona mtu pale anataka kuniuliza: mzee, kama mkono ni wake kweli, mwaka wa nini? Mwaka ndio wenyewe! Waliopata Ritterkreuz walizidi elfu saba, na walionusurika walisaini kwa miongo mingi baada ya vita. Sahihi ya 1943 ni ya mtu aliyepambwa na propaganda za Hitler. Ya 1980 ni ya mstaafu anayejibu barua ya mgeni. Na anayesema tuzichome, kwa kuwa jeshi lile lilishiriki kuua raia, namjibu: kadi hizi ndizo zilizoficha mauaji hayo nyuma ya sura nadhifu. Nani ataamini, zikishachomwa?

Upesi sasa. Taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti: karatasi iking'aa buluu, jua dawa ya kuing'arisha ilitiwa baada ya vita. Sahihi za kuchapwa kiwandani, leo siziwezi. Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani aliyepigana huku kwetu Afrika Mashariki katika vita kuu ya kwanza, alisalimu amri 1918 akafa 1964. Hesabuni miaka aliyobaki na kalamu mkononi.

Mwenye picha aje nayo mbele. Taa ninayo.