Kata mbuyu wa plaiwudi kwa skroliso, hatua kwa hatua

Karibuni tena karakana, wadau. Leo tunakata mbuyu. Watu wa misitu mtulie, ni mbuyu wa plaiwudi, wa kukaa ukutani na kutundikia funguo. Nimechagua mbuyu wa kiangazi, usio na jani hata moja, kama ile unayopishana nayo ukitoka hapa Dodoma kwenda Mtera. Mbuyu wenye majani ukiukata unapata duara tu. Ukiwa mtupu, matawi yanakuachia matundu mengi katikati, na utamu wa skroliso uko kwenye matundu.

Kwa asiyeijua, skroliso ni msumeno wa umeme, ndiyo hii: meza ndogo ya chuma, mkono wa juu, mkono wa chini, na kati yake bledi nyembamba iliyosimama wima, inapanda na kushuka. Jigiso, ule msumeno wa umeme wa mkononi, unaishika na kuipitisha juu ya mbao. Hapa mashine imetulia, mbao ndiyo inayotembea. Ukiokota ya mtumba, soma kwanza kibati cha nyuma. Kama kimeandikwa volti 110 au 120, hiyo mara nyingi ni ya soko la Marekani, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 utaiunguza. Huna mashine? Msumeno wa mkono wenye fremu ya U unakata mbuyu huu huu, jasho tu ndilo litazidi.

Haya, mbao. Natumia plaiwudi ya milimita 6. Msindano, yaani mbao ya paini, unaopanda kutoka Mufindi mara nyingi hufika bado una maji, ukikutana na hewa kavu ya huku kwetu kiangazi unajikunja. Plaiwudi inavumilia zaidi kwa sababu nyuzi za tabaka zake zimepishana. Ukiwa dukani iinue usawa wa jicho, hivi, uitazame kwa ubavu. Imepinda? Irudishe. Angalia na kingo zake: ukiona uwazi mweusi kati ya tabaka, achana nayo, maana uwazi huo utakuja kutokea kwenye tawi jembamba kuliko yote.

Mchoro wangu nimeuchapisha steshenari kwenye karatasi ya A4. Usiugandishe moja kwa moja kwenye mbao, utakuja kuukwangua mpaka usiku. Tandaza kwanza tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, halafu gundi na mchoro juu yake. Mwisho pitisha selotepu pana juu ya mchoro. Hiyo selotepu inapunguza mbao kuungua bledi inapopita, hasa kwenye mbao ngumu.

Sasa toboa. Kila nafasi kati ya matawi inataka tundu moja, karibu na mstari lakini si juu yake. Biti ya drili iwe ya milimita 2, na chini weka kipande cha mbao kibovu ili upande wa pili usipasuke. Ukimaliza, geuza, piga msasa vile vinyweleo vya chini. Vikibaki, mbao haitalala vizuri mezani.

Hapa kwenye bledi nisikilizeni vizuri, maana watu wengi hulaumu mashine wakati tatizo ni bledi. Kuna zenye pini kwenye ncha na zisizo na pini. Zenye pini ni rahisi kufunga, lakini pini haipiti kwenye tundu la milimita 2. Itakubidi utoboe kubwa, milimita 5 au zaidi, na kwenye matawi yetu haya hakuna nafasi hiyo. Kwa hiyo tumia isiyo na pini, namba 3 au 5. Meno yatazame chini. Ipapase taratibu: ukipandisha kidole inakwaruza, ukikishusha kinateleza. Nyingine zina meno machache ya chini yaliyogeuzwa kutazama juu. Hizo nazipenda, kwa sababu haziachi nyuzi zilizochanika upande wa nyuma.

Legeza kishikio cha juu, pitisha bledi kwenye tundu kutokea chini, shusha mbao mezani, funga, kaza. Umekaza vya kutosha? Iguse kwa kidole. Ikilia *ting!* kama uzi wa zeze, iko sawa. Ikisema *tup*, kaza tena. Bledi legevu inatanga ovyo kwenye kona, na ukuta wa mkato unatoka umelala upande.

Vaa miwani na barakoa. Kukiwa na ule upepo wetu wa Julai, funga dirisha la upande unaotoka upepo, la sivyo unga wote utakurudia usoni.

Tunaanza na matundu ya ndani, umbo la nje tunaliacha mwisho, ili mbao ibaki pana na uwe na pa kushika. Washa kwa mwendo wa kati. Tazameni mikono yangu: viganja vimelala, vidole viko pembeni ya njia ya bledi, havikai mbele yake. Nguvu yangu kubwa inakandamiza chini ili mbao isirukeruke. Mbele naisindikiza tu. Angalieni bledi kwa ubavu, imenyooka. Nikisukuma, hivi, inapinda kama upinde. Ukiona hivyo punguza, au bledi imeisha makali, ibadilishe bila kuionea huruma.

Jambo jingine linalowatesa wanaoanza: unafuata mstari, mashine inakuvutia kulia. Bledi nyingi, kwa namna zinavyotengenezwa, upande mmoja wa meno unabaki na ukingo mkali zaidi, kwa hiyo hukata kuelekea huko. Usipigane nayo. Ingiza mbao ikiwa imeinama kidogo tu, mkato utafuata mstari.

Kwenye kona kali, pale tawi linapogawanyika, acha kusonga mbele. Bledi iendelee kucheza palepale, vuta mbao kidogo ili mgongo wa bledi ndio uguse, kisha izungushe mbao kwa wepesi. Mgongo hauna meno, hauharibu kitu. Fanya hilo kwenye makombo kwanza, mpaka mikono izoee.

Umeme ukikatika bledi ikiwa ndani ya tundu, zima swichi kwanza. Ukirudi mashine ikiwa imewashwa na vidole viko pale, hapo hakuna mchezo. Halafu legeza mkazo, toa mbao bila kunyakua.

Matundu yamekwisha, zunguka umbo la nje, ukianzia kwenye shina. Bandua tepu. Msasa namba 220, mkono mwepesi, matawi haya yanavunjika. Kumalizia napaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, halafu nasugua kwa kitambaa. Msipake mafuta ya alizeti ya kupikia, najua yamejaa majumbani huku kwetu. Yanakauka polepole mno, na vumbi la Dodoma litajipachika humo.

Kitako ni kipande cha mninga, unene sentimita 2, nimekikata kwa msumeno wa kawaida. Unga wa mninga unawasha pua na ngozi, barakoa isivuliwe bado. Bandika mbuyu kwa gundi nyeupe ya mbao, bana kwa klampu, uache mpaka kesho. Ndoano za funguo zinaingia kwenye mninga, si kwenye plaiwudi. Toboa kwanza kwa ile biti ya milimita 2, ndipo uzungushe ndoano kwa mkono. Ukutani funga skrubu mbili zenye fisha, vile vijiplastiki vya kuingiza kwenye tundu la ukuta, moja kila upande wa kitako, ukikiacha kisimame usawa ambao mtoto hafikii.