Feni, Moto na Tone la Mafuta: Somo la Kwanza la Maabara, Tabora

Mwangaluka, wanangu. Nimefurahi kuona makoti yamefungwa vifungo vyote.

Septemba ya Tabora mnaijua wenyewe. Ukifuta meza asubuhi, ikifika saa sita unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Vumbi hilo limebeba mbegu za kuvu na bakteria waliozoea ukame. Sisi tunataka kuotesha kijidudu kilichotoka kwa mgonjwa, si kilichotoka barabarani.

Nilipokuwa mgeni kazini, siku moja ya joto kali nilimimina aga, yaani rojo la kuoteshea bakteria linaloganda likipoa, kwenye sahani huku feni inazunguka. Nikazipanda sampuli. Kesho yake sahani zilijaa madoa meupe na ya njano ambayo hakuna aliyeyapanda. Mojawapo ilikuwa ya mkojo wa mama mjamzito aliyetoka Sikonge. Ilibidi nimwambie arudi tena. Uso wake ninao mpaka leo.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa aga, zima feni, funga madirisha, pangusa meza kwa spiriti ya asilimia 70. Msidhani ya asilimia 95 ina nguvu zaidi. Maji yaliyomo ndiyo yanayoisaidia kuharibu protini za bakteria, na huichelewesha kukauka. Fanyeni kazi karibu na moto, maana hewa ya moto hupanda na kuondoka na vumbi. Kitanzi cha waya cha kupandia sampuli kichomeni mpaka kiwe chekundu, kisha kipoe. Mfuniko wa sahani unainuliwa kidogo, kama unavyochungulia wali usipoteze mvuke. Na sahani moja isiyopandwa kitu ikae na wenzake kwenye inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea, nyuzi 37, saa 24. Ikiota chochote, majibu ya siku hiyo hayatoki.

Makohozi yanataka kinyume. Hapo madirisha yafunguliwe, upepo upite mgongoni kwako uelekee nje, usije ukavuta kifua kikuu cha mtu. Ndiyo maana kazi hizi mbili hazifanywi meza moja kwa wakati mmoja.

Sasa hadubini. Weka kioo chenye makohozi yaliyopakwa na kutiwa rangi, anza na lenzi ya kukuza mara 10, tafuta mahali penye rangi, ndipo uweke mafuta na kugeuzia lenzi ya 100. Ukizidisha na ile ya jichoni ya 10, unapata mara 1,000. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda, nasi tunaupoteza. Mafuta hupitisha mwanga karibu sawa na kioo chenyewe, ndiyo kazi yake. Hapo tumieni skrubu ndogo tu. Ile kubwa inavunja vioo.

Na tone hilo, naomba mnisikilize sana. Lidondoke lenyewe. Ncha ya kichupa ikigusa kioo, bakteria wa mgonjwa wa kwanza hupanda nayo na kushukia kioo cha wa pili. Vijiti vyekundu kwenye rangi ya buluu, ndio bakteria wa kifua kikuu, mtaviona vizuri kabisa, mtaandika vipo, na mtu mzima wa afya atameza dawa miezi sita kwa ugonjwa wa jirani yake wa foleni. Hata lenzi, ukitoka kwenye kioo chenye vijidudu, ifute kwa karatasi yake kabla ya kwenda kingine.

Haya, kila mmoja achukue kioo kipya. Namba iandikwe kwa penseli kwenye ncha iliyoparuzwa, si kwa kalamu. Wino unaoshwa na spiriti. Napita kuwaangalia.