Kuseti kisagio cha kahawa nyumbani ili espreso isibadilikebadilike

Karibuni jikoni. Leo mashine ya espreso tunaiacha ilivyo, tunakaa na kisagio tu. Kahawa ikitoka chachu Jumatatu na chungu Jumanne, ilhali buni ni ileile, mara nyingi tatizo liko hapa.

Kisagio kiwe cha meno, yaani vyuma viwili vinavyosaga buni katikati yake. Blenda ya viungo haifai: inakatakata, inatoa vumbi na chenga kwa pamoja. Uwe na mizani inayosoma gramu 0.1 na saa ya simu. Halafu geuza chujio la mashine yako uangalie chini. Kama lina kitundu kimoja tu, hilo ni la kuta mbili. Linatengeneza povu lenyewe hata unga ukiwa mbaya. Tafuta la ukuta mmoja, lenye matundu mengi, la sivyo kazi yote ya leo hutaiona kikombeni.

Washa mashine dakika 20 kabla, mkono wa chujio ukiwa umefungwa mahali pake nao upate moto. Jioni umeme ukiwa mdogo, ongeza dakika.

Hapa nina arabika ya Mbinga, imechomwa wastani, ina siku 10 tangu itoke motoni. Buni ya juzi bado ina gesi nyingi, mkamuo wake, yaani jinsi maji yanavyoitoa kahawa kwenye unga, hautabiriki, ipe wiki.

Sasa shika namba mbili usiziachie: gramu 18 za unga ndani, gramu 36 za kinywaji nje. Chujio lako likiwa la gramu 14, basi 28 nje. Kinachobadilika ni usagaji peke yake. Wengi hukwama hapa: kahawa ikitoka mbio wanaongeza unga, wanashindilia kwa nguvu na kukaza kisagio (yaani kusaga laini zaidi), vyote kwa mpigo. Hata kikombe kikiwa kizuri, hujui kimetokana na nini, na kesho hukipati.

Tafuta sifuri ya kisagio. Kikiwa kitupu na mota inazunguka, kaza polepole mpaka usikie meno yanaanza kugusana. Sikiliza... huo mlio mwembamba wa chuma. Acha papo hapo, legeza kidogo, andika namba. Cha mkono, kaza mpaka mpini ukatae kuzunguka wenyewe, kisha hesabu mibofyo ukirudi nyuma. Kuna sheria moja: kisagio cha umeme usikikaze kikiwa kimezima na buni imo ndani. Vipande vilivyonasa kati ya meno vitakizuia kuanza.

Saga gramu 18. Koroga unga ndani ya chujio kwa sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kizibo, uvunje mabonge mpaka chini. Shindilia mara moja, sawasawa. Nguvu si hoja kubwa. Kuinama ndiko kunakoharibu, maana maji hufuata upande mwembamba. Weka kikombe juu ya mizani, bonyeza, anza kuhesabu.

Tazama. Sekunde ya 3 tayari inamwagika, rangi imepauka, gramu 36 zimefika kwa sekunde 14. Ionje usiimwage: inakwaruza pembeni mwa ulimi kama ukwaju, na mwili wake ni maji maji. Unga ni wa chenga mno. Kaza hatua moja.

Na hapa ndipo penye mtego. Kati ya meno na mdomo wa kisagio kumebaki unga wa seti ya zamani, gramu 2 au 3, wakati mwingine zaidi. Ukikamua sasa hivi utakuwa unaonja mchanganyiko, utadhani hatua haikusaidia, utakaza tena, na cha tatu kitaziba kabisa. Kwa hiyo kila ukigeuza, saga gramu 3 hivi uzitupe, kisha ndiyo upime 18. Inauma kutupa kahawa, lakini inauma zaidi kutupa vikombe vitano.

Mkamuo wa pili: sekunde 20. Umesogea, haujafika. Kaza nusu hatua, tupa gramu 3, pima. Wa tatu: tone la kwanza sekunde ya 7, kisha uzi mzito wa kahawia unaoning'inia kama asali kwenye kijiko. Sekunde 28. Kati ya 25 na 30 ndipo tunapopataka, ila ulimi una kauli kuliko saa. Muda ukiwa sawa na bado ni chachu, acha ifike gramu 40. Ikiwa chungu na inakausha mdomo, kata kwenye 32.

Ikipita sekunde 15 bila tone, zima, legeza. Ikiwa chachu na chungu kwa pamoja, usiguse kisagio: maji yamepasua njia ndani ya unga, rudi kwenye sindano na kushindilia.

Kisagio kinachopima kwa sekunde usikiamini. Pima kila mara kwa mizani.

Ukishapata, bandika namba kwenye kisagio, lakini usiigeuze msahafu. Buni ikizeeka, kahawa yake inatoka mbio, utakaza kidogo kila baada ya siku chache. Iliyochomwa sana inataka kulegezwa, nyepesi inataka kukazwa. Robusta ya Bukoba ina krema, yaani povu la juu, nene inayodanganya macho, onja.

Meno yasugue kwa brashi kavu kila wiki, mafuta ya kahawa yakioza yananuka. Maji usiyaguse, yataleta kutu. Na mchele mkavu tusisage humo, unaweza kuilemea mota.

Kwa unyevu wa Dar, hasa masika, usiache buni kwenye bakuli la juu la kisagio. Weka ya kikombe kimoja tu. Inayobaki ifunge vipakiti vya gramu 18, viingie friza. Kipakiti kikitoka, kiache mezani kikiwa kimefungwa mpaka kisiwe baridi mkononi. Ukikifungua mapema, buni itatoka jasho kama chupa ya soda, na huo umande utausaga pamoja nayo.